Nzi Asiye na Ndoano

Kabla sijafungua macho, nilisikia: tik. Ilikuwa sauti ya uzi ukikatwa kwa meno. Mpaka leo, fundi wa cherehani akikata uzi hivyo karibu nami, nageuka nikimtafuta mama.

Mama alikuwa akitengeneza nzi. Si wale wa chooni. Hawa walikuwa wa kuvulia, ndoano ndogo zilizovikwa manyoya na nyuzi za rangi hadi samaki adhani ni wadudu. Alifunzwa na babake, aliyewapikia wageni kwenye kambi ya uvuvi mlimani. Katika mkebe wa kakao alihifadhi nzi wa zamani walioachwa na wageni hao, wa buluu, wa dhahabu, wa rangi ya damu, akawaiga mmoja mmoja na kuwauza wale alioiga kwa mfanyabiashara wa Kakamega mjini. Majirani zetu wa Shianda walimtania kisimani: "Mama Nafula, watu wanafukuzanga nzi, wewe unawatengeneza?" Naye alicheka nao, akisema wake angalau hawatui kwenye obusuma, ugali wetu.

Miaka ile miwa ilikuwa imempanda kila mtu kichwani. Baba aling'oa mihogo, akang'oa migomba, akapanda miwa mpaka mlangoni. Upepo ukivuma, majani yalikwaruza ukuta. Mama alibaki na jogoo mmoja, mwenye shingo ya rangi ya asali. Alimpakata kama mtoto, akimchomoa unyoya mmoja mmoja mkavu wa kufungia nzi, huku jogoo akilalamika kama mzee anayenyolewa.

Siku moja mama akiwa sokoni, baba alileta wenzake wa miwa. Jogoo akachinjwa, akatumbukizwa kwenye maji ya moto. Mama alirudi akakuta manyoya yamelowa na kugandamana kama majani ya chai yaliyomwagwa. Alipika, akampakulia baba firigisi kama desturi ilivyotaka. Wageni walipoondoka ndipo akauliza kwa nini hakungojwa.

"Nilioa mke," baba akasema. "Sikuoa fundi wa nzi."

Alfajiri iliyofuata, tik. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na haikuwa siku ya kanisa. Alinionyesha nzi wa rangi ya asali, aliyemfunga kwa manyoya makavu ya mwisho. Kisha akachukua koleo, akaikata ncha ya ndoano mbele yangu.

"Sasa atashika nini?" nikauliza, machozi yakinilenga, maana niliona ameniharibia.

"Hatashika mtu," akasema. "Lala naye mkononi."

Nilidhani anavihurumia vidole vyangu. Sikuelewa mpaka nilipokuwa na mtoto wangu mwenyewe, akining'ang'ania sketi kila nikitaka kutoka. Katika nyumba ile, ndoano iliyobaki ya kumshika mama ilikuwa mimi.

Alinifunika blanketi hadi shingoni, akachukua mkebe wake. Kisha mlango ukafungwa polepole, kama anavyoufunga mtu asiyetaka kuamsha mtoto, ingawa mtoto alikuwa macho.