Maji ya Kijani ya Mama Mkwe

Mama mkwe alipohamia kwao ghorofa ya tatu, fundi simu alijiandaa kwa mengi: kubanana, kusemwa, kunyang'anywa rimoti. Hakujiandaa kumkuta mwanamke wa miaka sitini na nne amepiga magoti mbele ya tangi la maji ya chumvi ambamo fundi alifuga viumbe wa baharini, miwani imegusa kioo.

"Baba, hawa wana njaa."

Alikuwa anaongelea minyoo wa baharini, wale wanaochanua kama vishada vya manyoya. Walikuwa wamejikunyata, na matumbawe laini yamesinyaa. Fundi simu alieleza kwamba chakula chao ni vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho, tena viwe hai. Alivyowahi kuagiza vilifika vinanuka.

"Basi tutavipanda," alisema mama mkwe, utadhani anaongelea vitunguu.

Miaka thelathini na moja alikuwa amechemsha vyombo vya upasuaji hospitalini, na uchafu ulikuwa adui yake wa kazini. Aliomba mbegu chuo cha uvuvi, kichupa cha maji ya kijani hafifu. Nusu akaiweka kwenye friji, nusu akaigawa katika chupa nne dirishani jikoni: maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, matone ya mbolea, na mpira mwembamba wa kupuliza hewa. Siku ya tisa zilikuwa kijani kibichi.

"Mama, wageni watadhani tunauza dawa ya minyoo!" binti yake alilalamika.

"Dawa wapi? Hiki ni chakula chao."

Jumamosi moja chupa zote zilipauka. Fundi simu alijua kwa nini. Mama mkwe alipokwenda kliniki, yeye alitaka kulisha tangi haraka, akachovya kikombe cha tangini ndani ya kila chupa. Wadudu wadogo wa tangini wakaingia na kula shamba zima. Siku mbili fundi simu alikula bila kuinua macho.

Siku ya tatu alimkuta mama mkwe anasugua chupa, mabega yameshuka.

"Uzee, baba. Mikono imesahau kazi."

Maneno hayo yalimchoma. "Mama, ni mimi." Akasema yote.

Mama mkwe aliweka chupa chini. "Hospitalini ningekuandikia barua ya onyo," alisema. Kisha akasogea kumpisha kwenye sinki. "Nawa. Mpaka viwikoni."

Walianza upya na ile mbegu ya kwenye friji, na safari hii alimfundisha kila hatua. Mwezi haukuwa umeisha asubuhi ile mama mkwe alipomimina nusu kikombe tangini, minyoo wakachanua mmoja baada ya mwingine, na fundi simu akasahau kwenda kazini.

Sasa wenye matangi mtaani huja na chupa zao kuomba mbegu. Juzi fundi simu alimsikia mama mkwe mlangoni akimfokea wakili mmoja mwenye tai: "Chupa hii ina harufu ya juisi! Karudie kuiosha." Wakili aliteremka ghorofa zote tatu, akaenda kuiosha.