Mfenesi wa Sikuzani

Sikuzani binti Salehe alipoolewa Visiga, enzi za Mwingereza, alitoka kwao Kisarawe na kokwa moja ya fenesi, ameifunga kwenye pindo la kanga. Aliipanda nyuma ya jiko wiki ile ile ya harusi. Mti ukakua, ukapita paa la makuti, lakini miaka minane haukutoa hata tunda moja. Sikuzani naye hakupata mtoto. Na watu, midomo yao nani aifunge, wakaviweka viwili hivyo kapu moja.

Mama mkwe wake, Bi Biubwa, hakumwita jina. Alimwita "mke wa Mwinjuma". Alikwisha sema waziwazi kwamba mwaka ukiisha bila mimba, mwanawe amrudishe mkewe kwao. Mwinjuma alikuwa mpole kupita kiasi.

Pale kijijini mti usiozaa ulitishwa. Mmoja hushika shoka na kusema anaukata; mwingine huuombea, "Uache, mwakani utazaa." Akikosekana wa kuuombea, hukatwa kweli. Asubuhi moja Biubwa akamkabidhi Mwinjuma shoka, akaita majirani, akamtaka Sikuzani auombee.

"Mti huu naukata!" Mwinjuma akasema, akagonga gome. Utomvu mweupe ukachuruzika.

Wote wakamgeukia Sikuzani. Maneno aliyajua. Miaka minane alikuwa akiyasema juu yake mwenyewe, kila alipoingia mwezini, na sasa alikuwa amechoka, amechoka kabisa.

"Kata," akasema.

Vicheko vya majirani vikakatika. Mwinjuma akainua shoka.

"Uache!" Alikuwa Biubwa. "Uache, Mwinjuma, mwakani utazaa!"

"Na usipozaa, mama?" Sikuzani akauliza.

Bibi yule akainua macho kwenye matawi. Kila mchana wa jua kali alitandika mkeka wake chini ya mti ule, na aliyemletea maji pale ni Sikuzani, siku zote, bila kuagizwa.

"Usipozaa," akasema mwishowe, "tutakaa kivulini."

Mwinjuma akaweka shoka chini. Habari ya kurudishwa Kisarawe haikutajwa tena.

Mfenesi ulizaa baada ya miaka mitatu. Sikuzani hakuzaa. Biubwa alijipaka mafuta viganjani, utomvu usimnate, akapasua fenesi la kwanza, akachomoa kipande kinono na kumnyooshea.

"Kula, mwanangu," akamwambia.