Mgeni Aliyesimama

Watu wote walioniambia nipumzike walikuwa wameketi. Muuguzi alikuwa kwenye kiti chake, jirani kwenye mkeka wake, na kaka yangu aliyeko Dar es Salaam, nadhani kwenye sofa, akinitumia pole kwa simu kila Jumapili. Pole zake zingepikika, ukoo mzima ungeshiba. Niliwajibu wote, "Haya, nitapumzika," nikaendelea kukimbia.

Mimi ni fundi cherehani, kwangu ni Kamachumu. Mume wangu hununua dagaa visiwani na kurudi ziwa likimruhusu. Wakati huo binti yetu mkubwa alikuwa shule ya msingi, na mdogo ndiyo kwanza ameanza kutembea, akitia mdomoni kila anachookota. Wazazi wangu wako upande wa Rubya. Baba, ambaye sote tunamwita Tata, alipata kiharusi kilichoua mkono wake wa kulia na kumwachia maneno machache ya kukokota. Mama ana magoti mabovu, hutembea kwa kushika ukuta. Basi nilikuwa nikishampeleka mkubwa shule, namfunga mdogo mgongoni, napanda bodaboda, nafika kwa wazazi, namenya ndizi, napika, naosha, nafua, namlisha Tata, halafu mbio narudi kwenye cherehani kabla wateja hawajaanza kunisema.

Kisha Tata akaacha kula. Alikuwa akipokea kijiko kimoja, labda viwili, halafu anafunga mdomo na kuangalia ukuta. Hospitali walimpima wakasema koo halina tatizo, anameza vizuri, ila asipokula tutampoteza. Kwani hilo mimi nilikuwa silijui? Mashavu yalikuwa yameshaingia ndani, na shati nililomshonea mwenyewe lilimning'inia. Kila siku nilisimama mbele yake na bakuli la ndizi na maharage niliyoyaponda, mtoto mgongoni, nikimbembeleza. "Tata, kula basi, watu wananingoja." Alinitazama, akafunga mdomo.

Nilikuwa na hasira naye, nasema ukweli. Niliona ananifanyia makusudi. Nikishamaliza kukasirika naenda nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, najificha kati ya migomba na kulia, maana nilimpenda na nilikuwa nikimwona anaondoka.

Siku moja mvua ilitushika ndani. Mdogo alikuwa amelala kitandani kwa Mama, nami nimesimama na bakuli langu kama kawaida, jicho moja mlangoni.

"Kaa chini," Mama akasema kutoka kwenye kona yake.

"Mama, nikikaa sitainuka."

"Kaa. Tangu lini umemwona baba yako anakula na mgeni amesimama?"

Nikacheka, si cheko la furaha. "Mgeni gani, Mama? Hapa tupo sisi tu."

"Wewe. Uliolewa, hukuolewa?"

Kwetu binti akishaolewa, kwa baba yake anakuja kama mgeni, hata kama ndiye anayeosha vyungu. Na mgeni hukaribishwa kwanza: anapewa mahali pa kukaa, anasogezewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, anatafuna, wanaulizana habari za huko atokako. Chakula ni baadaye. Tata aliishi hivyo maisha yake yote. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwona anaacha ndizi zipoe kabisa kwa sababu ya mpita njia ambaye hata jina lake hatukulijua.

Na kikapu chenyewe kilikuwa wapi? Juu ya kabati. Nilikipandisha mimi, mdogo asije akapaliwa na buni. Nilimwachia mwenye nyumba nyumba isiyo na cha kumkaribishia mtu, halafu nikamsimamia kichwani na kijiko.

Nilikishusha, nikakifuta vumbi, nikakiweka magotini pake. Nikavuta kigoda, nikakaa.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima. Angeweza kunisogezea kikapu kwa huo, tukamaliza. Hakutaka. Aliushika mkono wa kulia kwa kifundo, akaunyanyua, akaulaza juu ya paja kiganja kikiwa wazi, akakivuta kikapu mpaka kikakaa juu yake. Halafu akaunyanyua tena pamoja na kikapu, akanielekezea. Kahawa zilimwagika sakafuni. Nilitaka kumsaidia, Mama akanikata jicho, nikatulia. Mgeni hapewi kitu kwa mkono wa kushoto.

Nilipokea kwa mikono miwili. "Kasinge, Tata," nikasema, maana asante ya Kiswahili haikunitosha. Nikatafuna. Uchungu ulikuja kwanza, kisha ile harufu ninayoijua tangu utotoni. Machozi yalinitoka na sikwenda kujificha kwenye migomba.

Akanisubiri mpaka nikamaliza. Halafu akalitazama bakuli, akafungua mdomo. Alikula mpaka nikasikia kijiko kinakwaruza.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nikidhani wanazungumzia kitoweo.

Tangu hapo nikifika kwa Tata nakaa kwanza. Ni muda mfupi tu, buni chache za kutafuna. Mama ananipa habari za majirani, nani kagombana na nani mpakani mwa kibanja, mimi namsimulia visa vya wateja wangu, Tata anasikiliza na kuguna panapostahili. Kazi ziko palepale. Mgongo bado unauma, na kaka bado anatuma pole. Lakini kuna mahali pamoja duniani ambapo sitakiwi kufanya lolote mpaka nimekaribishwa, na aliyenitengea mahali hapo ni mtu niliyedhani namhudumia mimi. Namshukuru Mungu kwa hilo, na nina deni la kumshukuru Mama pia kwa ukali wake.

Tata amenenepa kidogo, lile shati limemkaa tena. Jana nilifika nimechelewa, nimelowa, nimeshaanza kueleza tangu uani kwa nini leo sitakaa. Nilipoingia, mkono wa kushoto ulikuwa umeshaushika wa kulia. Nikavuta kigoda.