Fundi Asiyetoa Sababu

Fundi wa nguo pale Gatongora huongea na pini mdomoni, na kila neno husikika. Hukata uzi kwa meno. Hufunga duka mchana akalala, na mteja akilalamika, humjibu, "Nilitaka kulala." Awiti, muuza mboga jirani yake, wivu humkaba mpaka sukuma wiki anaikata vipande vinene. Jana mwenyekiti wa chama cha akina mama alikuja kutafuta wanawake wa kumenya viazi vya harusi. "Mimi sitaki," fundi akasema, mashine ikiendelea. Awiti akangoja fundi atukanwe. Wapi! Mwenyekiti akamgeukia Awiti tu. "Na wewe, Mama Marvin?" Awiti naye hakutaka hata kidogo. "Wacha kwanza niulize mzee," akajibu. Mzee mwenyewe alishahamia Migori kwa mke mwingine, na hata simu hapigi.