Firigisi ya Jogoo wa Baba Mkwe

Hasira yangu haijapoa mpaka leo, na sitaki ipoe, kwa sababu chakula kilichoileta kilikuwa kitamu kuliko chochote kilichowahi kupikwa kati ya Satellite na Riruta, mitaa yetu ya Nairobi. Hapo nimejizuia. Ningeweza kusema mpaka Naivasha na nisione haya.

Mimi ni mtu wa Ukambani niliyeolewa na mtu wa Magharibi mwa Kenya. Baba mkwe alipokuja kula kwetu mara ya kwanza, nilimpikia pilau. Akagusa vijiko viwili, akasema macho yanamsumbua. Sijui pilau ilianza lini kuliwa kwa macho. Akaondoka, akaenda Riruta kwa dada yake, na huko akala ugali wenye ukubwa wa ngoma ya kanisa. Wiki haikuisha kabla kijiji kizima hakijaambiwa kwamba mzee alikwenda kwa mwanawe Nairobi akarudi na njaa.

Tangu siku hiyo, kila Desemba tukikutana huko nyumbani kwao, wakaza wana wenzangu hugawiwa kupika. Huyu nyama, yule wali, mwingine mboga za kienyeji. Zamu yangu ikifika naambiwa, "Wewe wa Nairobi, osha masufuria." Miaka minne! Nimesugua masufuria meusi kwa jivu hadi mistari ya viganja vyangu ikafutika, na mtu akitaka kunisomea bahati hataona kitu.

Basi nikaenda shule. Mchana nafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja mjini, na jioni nilikuwa napanda ngazi za jengo fulani karibu na River Road hadi ghorofa ya tano, lifti ikiwa imekufa zamani, kujifunza upishi wa hoteli kubwa. Mwalimu wetu alikuwa mzee mfupi aliyepikia wageni wa kila bara. Alikuwa na amri mbili. Ya kwanza, hakuna kitu cha mnyama kinachotupwa. Ya pili, onja mara tatu: mwanzo, katikati na mwisho. Alikuwa akisimama nyuma yako na kuuliza, "Umeonja?" Ukisema bado, anazima moto. "Basi hujapika. Umechemsha tu."

Mazoezi niliyafanyia nyumbani, na familia yangu haikunisaidia hata kidogo. Nikipanga vipande vitatu vya samaki kwenye sahani pana, na matone ya sosi pembeni, mtoto wangu mkubwa anauliza, "Mama, hii tunakula ama tunapiga picha?" Mume wangu anamaliza sahani kwa matonge mawili, anaangalia jikoni, anasema, "Ilikuwa poa. Sasa chakula iko wapi?"

Niliwavumilia. Baada ya miezi sita nilipata cheti, nikakitia fremu, nikakitundika juu ya televisheni ili mtu akitazama habari akione kwanza.

Halafu ikaja simu: baba mkwe anakuja Nairobi. Angelala Riruta kwa shangazi, kwa sababu baba mkwe halali nyumba ya mkaza mwana, lakini Jumapili mchana angekula kwetu. Niliposikia hivyo nilikaa chini. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: yule mzee ale mezani kwangu ashibe, na Desemba nisione sufuria chafu.

Jumamosi jioni mume wangu akarudi kutoka Riruta na jogoo kwapani, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Baba mkwe alikuwa amemleta mwenyewe kutoka nyumbani. Jogoo mwekundu, mrefu kuliko kifungua mimba wangu, na mwenye kiburi zaidi. Tulipomchinja nadhani hata mbwa wa mtaa wa Woodley walisikia.

Kesho yake nilianza kazi saa kumi na moja alfajiri. Kanisani sikwenda, na Mungu anajua sababu. Nilimtoa jogoo mifupa yote bila kupasua ngozi, kazi ambayo darasani iliwashinda watu wazima wakalia. Nikajaza ndani mchicha na vitunguu, nikamkunja kama mkeka, nikamfunga kwa uzi, nikamfunika vizuri na kumweka kwenye oveni moto mdogo, maana kuku wa kienyeji hataki haraka. Mifupa nikaichoma ikawa kahawia, nikaitia sufuriani na karoti na nyanya, ikachemka hadi maji yakapungua yakawa mazito. Ukichovya kijiko, sosi inashika mgongoni mwake. Ukipitisha kidole, njia inabaki.

Ndipo nikaishika firigisi mkononi.

Mtu asiniambie sikujua. Kwao firigisi, wanayoiita imondo, ni ya mwanamume mkubwa aliyeketi hapo. Mwanamke haili, mtoto haigusi. Nilijua kabisa. Lakini niliitazama nikaona kwamba nikiiweka nzima kando ya kuku aliyekatwa kwa duara kama maua, itaonekana kama jiwe lililoanguka kutoka darini. Nikawaza: nikiikata ndogondogo niitie kwenye sosi, kila tone atakalomeza mzee litakuwa na heshima yake ndani. Kwa akili yangu nilikuwa nimeipandisha cheo.

Hata niliuliza. "Baba watoto, imondo nikiikata niweke ndani ya sosi, si ni sawa?"

Macho kwenye simu. "Sawa tu."

Saa saba wakafika, baba mkwe na shangazi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu kwao mkaza mwana hakai mkabala na baba mkwe wala hazungumzi naye hivihivi. Maneno hupitia kwa mtu mwingine. Nilileta kuku, nikaleta bakuli jeupe la sosi, na nikaleta ugali pia. Mwalimu wangu angeuona kando ya ile sosi angezirai, lakini pilau ilikuwa imenifunza. Mume wangu akaanza kwa kuwamiminia watoto sosi kidogo, wakati mzee bado ananawa. Mzee akaomba sala ndefu kama barabara ya kwenda Kakamega, akafumbua macho, akageuza kipande kimoja kwa kidole. Akageuza cha pili.

"Huyu jogoo nimemlea mwenyewe," akamwambia mwanawe. "Alikuwa na miguu. Alikuwa na shingo. Hapa naona miviringo tu. Sawa, mambo ya Nairobi. Lakini imondo yake iko wapi?"

Mume wangu akanitazama. Shangazi akanigeukia. "Anauliza imondo iko wapi." Kana kwamba wakati anauliza mimi nilikuwa Machakos.

"Iko ndani ya sosi," nikasema. "Nimeikata."

"Anasema ameikata," shangazi akapeleka habari hatua mbili. "Ndogondogo?"

"Ndogondogo."

"Ndogondogo, ndugu yangu."

Mtoto wangu mdogo alikuwa na sosi kidevuni, na shangazi, ambaye husema haoni vizuri hata namba za simu, akaiona. "Na huyu ameshakula! Na wewe mama, usiniambie na wewe umeionja?"

"Mara tatu," nikasema. Ilitoka yenyewe. Miezi sita ya ghorofa ya tano ilijibu kabla yangu.

Shangazi akapiga makofi mara moja, akashika kichwa. "Mara tatu! Mzee hajanawa mikono, bibi ya mtu ashakula imondo yake mara tatu!"

"Mimi sikujua," akasema mume wangu.

Nasema tena, ili mnielewe. Yule mwanamume, niliyemuuliza akasema sawa tu, alifuta mdomo akasema hakujua. Nilikuwa na kisu cha kukatia kuku mkononi, nikakiweka chini polepole, kwa usalama wa wote.

Baba mkwe akasukuma kiti nyuma, akachukua kofia yake. Niliyaona masufuria ya Desemba, na ya Desemba ifuatayo, yamepangwa hadi uzeeni kwangu. Lakini hakusimama. Aliinama, akalitazama bakuli kwa muda, akanusa.

"Imondo iko ndani ya hii yote?"

"Yote, baba," nikamjibu mwenyewe. Desturi ilinitoka kabisa.

"Haiwezi kutolewa?"

"Haiwezi."

"Basi bakuli ni yangu." Akalivuta mbele yake, akalizungushia mkono. Akatazama kidevu cha mjukuu wake. "Mtoto nimemsamehe."

Alikula. Jamani, alikula! Alimega tonge, akachovya, akafumba macho, akamega tena. Ugali ukaisha nikasonga mwingine. Hakuna mtu mwingine aliyepata hata tone. Sisi wengine tulitafuna jogoo mkavu kama watu wanaotafuna viatu vya polisi, na sosi iliyokaa motoni saa saba nzima ikipita mbele ya macho yetu. Mwishoni alilifuta bakuli kwa tonge la mwisho likang'aa. Mchana ule hicho ndicho chombo pekee ambacho kingeweza kurudi kabatini bila kuoshwa.

Akaegemea kiti, akashusha pumzi.

"Mwanangu," akasema, "umenilisha."

"Asante, baba," akajibu mume wangu, kichwa ameinamisha kwa unyenyekevu, mtu ambaye kuwasha ile oveni hawezi mpaka anipigie simu kazini. Nikafungua mdomo. Shangazi akanikanyaga mguu.

Kisha mzee akamgeukia dada yake. "Desemba huyu asioshe masufuria. Tutachinja jogoo kumi na wawili. Imondo zote zipelekwe kwake, atutengenezee wazee hii kitu yake."

"Zote?" akauliza shangazi.

"Zote. Lakini mwambie asionje."

Shangazi akanigeukia. "Anasema usionje."

Nilisikia. Nilikuwa hatua mbili. Nilikusanya sahani, nikaingia jikoni, nikasimama pale nikiwa nimepata nilichokitaka, na sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika pale. Miaka minne wamenikataza kupika, na leo wameniruhusu kupika nisichoruhusiwa kukilamba.

Wanisubiri tu. Nimeshanunua kijiko kirefu cha mbao, na hesabu nimeipiga. Jogoo kumi na wawili, kila mmoja mara tatu, ni mara thelathini na sita. Nitaonja mwanzo, nitaonja katikati, na mwisho nitaonja nikiwa nimesimama mlangoni, mahali ambapo shangazi anaweza kuniona vizuri.