Mafiga Yangu na Waifai ya Chekechea

Mimi Koleta ndiye mpika uji wa chekechea hapa Nandagala, na uji wangu haujawahi kuungua. Hilo lijulikane kwanza.

Mwaka huu wakaleta kisanduku cha waifai, wakakigongomea ndani ya darasa, juu ya mkeka wanapolala watoto wakishashiba. Chini yake hasa analala kitukuu changu, Eva. Redio ikasema mionzi yake ni midogo, ila kwa watoto wataalamu bado wanachunguza. Nikasema haya, wachunguze, Eva wangu akiwa mbali.

"Mionzi umeiona wapi, bibi?" akadakia Halfani, mwenyekiti wa kitongoji, mtani wangu. "Jina lako lenyewe unaliandika kama kuku anachakura!"

"Na wewe mvi unazipaka piko, nani kakuuliza?"

Wanaume wakacheka, kisanduku hawakukigusa. Msimu wa korosho wote huegemea ukuta ule, wanasaka bei ya mnada kwenye simu.

"Mionzi yenyewe ni midogo sana, bibi," akasema Mwalimu Filbert.

"Basi kitundike juu ya kitanda chako."

Kesho yake nikang'oa mafiga yangu, nikayahamishia kwenye mikorosho ng'ambo ya uwanja. Kwetu mafiga ya mama mtu mzima hakuna anayeyagusa bila ruhusa yake, na hilo Halfani analijua. Uji wa karanga ukanukia. Loo! Watoto walitoka mbio na vikombe, Eva mbele, wanaimba. Mwalimu akabaki na chaki mkononi. Mwisho naye akaja, ubao kichwani, akaomba kikombe. Wakala, wakalala palepale. Mimi nikacheza, magoti haya haya mnayoyacheka.

Ikawa hivyo kila siku, mpaka mawingu yakatanda.

"Mvua itawanyeshea watoto," akasema Halfani.

"Basi jenga banda. Au kang'oe kisanduku."

Akina mama nao wakamwambia: mtoto akilowa, baba yake hapikiwi. Halfani akatazama mawingu, akatazama miti ya kukata, akaenda kuazima ngazi. Kisanduku kikahamia ghala la korosho, kwenye korosho zenyewe! Bei ikasomeka vilevile.

"Umefurahi sasa, bibi? Rudisha mafiga."

"Nimekuruhusu uyabebe wewe," nikamwambia. "Mawe yale mazito, mtani, na mimi mtu mzima."

Akayabeba. Eva akamfuata nyuma akimpigia makofi.