Vanishi ya Chupa Mbili

Kaka yangu Jeilani ana mikono inayokwaruza kama mbuzi ya kukunia nazi. Kwa miaka kumi na miwili amekuwa akikarabati mashua za faiba za mahoteli kule Ras Kitau, na vumbi la faiba halimhurumii mtu. Linaingia kwenye ngozi, linakaa humo, linawasha. Nguo zake nazifulia kwenye beseni lake peke yake. Siku niliyojisahau nikazichanganya na kanga zangu nilijikuna juma zima, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini babu yetu alikuwa fundi wa milango hapa Lamu, na Jeilani alirithi patasi zake pamoja na kiburi chake. Akaanza kutengeneza magitaa chumba cha juu, kila arudipo kazini. Uso wa saiprasi, mgongo wa mwembe. Majirani walimcheka. Mimi pia nilimcheka, ila chai nilimpelekea.

Mnunuzi wake alikuwa mmoja tu, Mwalimu Phineas, mtu wa bara anayefundisha sekondari na kupiga gitaa kanisani. Gitaa la kwanza Jeilani alilipaka vanishi ya spiriti kwa kitambaa. Joto lilipokuja likamnata Mwalimu mkononi, mvua ziliponyesha likafanya weupe kama limemwagikiwa maziwa. La pili akalipulizia rangi ile ile angavu ya mashua, mkono juu ya mkono, yaani tabaka juu ya tabaka, maana aliiona inavyostahimili bahari. Halikunata wala kufanya weupe, lakini sauti ilikufa. Mwalimu ni mpole, hajui kumwumbua mtu, lakini hata yeye alisema ni kama anapiga beseni.

Kisha akaja na habari kwamba shule inataka magitaa sita. Alimwambia Jeilani atengeneze moja jingine la kuonyesha. Vanishi ikishika na sauti ikibaki, yote sita ni yake. Isiposhika, shule itaagiza ya kiwandani kutoka Mombasa. Kwa kaka yangu magitaa sita yalikuwa na maana moja tu: kuondoka Ras Kitau.

Basi kamba yangu ya nguo ikageuka maabara. Alitundika vipande vya saiprasi, kila kimoja na vanishi yake. Alivipaka jasho lake, maji ya ndimu, maji ya bahari, akavikwaruza kwa kucha, halafu akawa anavigonga kimoja kimoja sikioni. Jirani akaniuliza kama kaka yangu ni mzima. Laka ya kawaida ilianza kubanduka wiki ya tatu. Iliyoshinda ni vanishi ya chupa mbili, ikipulizwa mara mbili tu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Chupa moja ni vanishi yenyewe, ya pili ni hadina, dawa ya kuigandisha. Ukishazichanganya huna muda. Saa moja ikipita, kikombe kizima ni jiwe. Na hadina aliyokuwa nayo ilitosha gitaa moja.

Sasa nije kwenye ujinga wangu. Kila Maulidi ikikaribia napaka milango na madirisha mafuta ya nazi, kama alivyofanya mama, na mama yake kabla yake. Kwetu mbao haiachwi kavu. Nilipanda juu na kitambaa changu kupaka madirisha, nikalikuta lile gitaa la kuonyesha limening'inia, bado halijapakwa vanishi, jeupe, limekauka kama midomo ya mtu aliyefunga. Nikalihurumia. Nikalifuta kwa kitambaa kile kile, mbele na nyuma. Likanywa mafuta, likageuka rangi ya asali, nami nikashuka nimefurahi, nangoja kusifiwa.

Jumamosi asubuhi, mafuta yakiwa yameshazama na ile rangi ya asali imefifia asiigundue mtu, Mwalimu akaja kutazama. Jeilani alikuwa amenyunyiza maji sakafuni kutuliza vumbi na kufunga madirisha yote. Mimi nilisimama mlangoni na sinia ya chai. Alimwambia Mwalimu anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chochote. Akaeleza kwamba adui wa vanishi hii ni mafuta. Alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuharibu kazi, kwa sababu vanishi hukimbia pale penye mafuta. Alisema hayo huku anamimina hadina na kukoroga.

Nikakikumbuka kitambaa changu.

Muda nilikuwa nao, sitajitetea. Alikoroga, akachuja kwa soksi nyembamba, akajaza bunduki ya kupulizia. Kutoka mlangoni hadi sikioni mwake zilikuwa hatua tatu. Lakini Mwalimu alikuwepo, nami nikaona haya. Nikajiambia mafuta yameshakauka, yalikuwa kidogo, pengine Mungu atanisitiri. Kompresa iliponguruma nilishukuru ile kelele.

Mkono wa kwanza ulitanda laini kama maji. Nikapumua. Kisha kikatokea kishimo kimoja, halafu kumi, halafu uso mzima ukawa na ndui. Jeilani akapuliza tena kuviziba, vikafunguka tena. Akageuza nyuma, huko nako vile vile. Akazima kompresa, akavua barakoa. Aliitazama bunduki, akautazama mpira wake wa upepo, akakitazama kikombe kinachoganda.

"Nimekosea mahali, Mwalimu," alisema. "Sijui wapi."

Mwalimu alikaa naye mpaka vanishi ikawa jiwe, akampa mkono, akaenda zake. Jeilani alishinda anapiga msasa kuitoa ile vanishi. Jioni alishuka, akala, akaenda kulala. Jumatatu akapanda boti ya Ras Kitau. Mwezi uliofuata niliyaona magitaa ya shule kutoka Mombasa yakipita uchochoroni juu ya punda, ndani ya maboksi, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Kila jioni akirudi nampaka mafuta ya nazi mikononi, maana bila hivyo kuwashwa hakumpi usingizi. Miezi miwili nilimpaka, na kila siku neno lilifika kooni nikalimeza. Juzi, kiganja changu kikiwa kwenye kifundo chake cha mkono, likatoka.

"Kaka, lile gitaa nililipaka mafuta. Haya haya."

Hakuuondoa mkono.

"Nimeyua," alisema kwa Kiamu chetu. "Nilipolipiga msasa lilinuka nazi."

Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia kitu siku zote hizo, akaniacha nihangaike.

"Muda wote nalikingoya unambie."

Kisha akaninyooshea mkono wa pili, nikaupaka.